Kombe la kwaya na hao mnaowapumzisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kuhusu mashindano ya kwaya. Anasema kwaya zetu zimeshuka kiwango kwa sababu viongozi wanaona haya kuwaondoa waimbaji dhaifu, na kwamba Mungu mkamilifu hapaswi kuletewa uimbaji wenye makosa. Barua yake niliikata gazetini kwa mkasi wangu wa kitambaa. Fundi yeyote atakayesoma hapa atashtuka, maana karatasi huua makali ya mkasi upesi sana, na mkasi wangu hata watoto wangu hawathubutu kuushika. Ndivyo barua ile ilivyonichoma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Himo, mama wa miaka sitini na kitu, Mlutheri wa kuzaliwa, na naimba alto. Kwa hiyo kwaya nazijua kwa pande mbili: nikiwa nimesimama mstari wa pili nangoja mkono wa mwalimu, na nikiwa na futi shingoni. Mashindano yakikaribia, kwaya za huku milimani huniletea kazi ya sare. Kabla haijasimama mbele ya majaji, kwaya inapita kwanza kwenye daftari langu: jina, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu.

Kuna usharika mmoja, sitautaja, ulinipa kazi ya gauni za bluu iliyokoza zenye kola nyeupe, na mashati ya rangi hiyo hiyo kwa wanaume. Nilikwenda mwenyewe kuwapima siku ya mazoezi. Kulikuwa na bibi wa soprano ambaye mgongo umeanza kupinda. Mtu wa namna hiyo ukimshonea kwa vipimo vya kawaida, pindo la nyuma linapanda na la mbele linaburuza, kwa hiyo unaongeza kitambaa nyuma. Nikaandika pembeni ya jina lake: nyuma, ongeza inchi mbili. Akaniona naandika kuliko nilivyowaandikia wenzake, akauliza, "Mwanangu, unaniandikia kosa?" Nikamwambia, "Hapana mama, naandika ili gauni likukae vizuri." Akacheka, akasema basi niandike na kwamba mifuko iwe mikubwa, maana miwani yake haina pa kukaa.

Wiki haikuisha, katibu wa kwaya akanipigia simu. "Mama, punguza gauni nne na mashati mawili. Hao tumewapumzisha kwanza." Nikauliza kama wanaumwa. Hapana, mchujo umepita. Mwalimu aliwasimamisha mmoja mmoja mbele ya kinanda, kila mtu aimbe sauti yake peke yake huku wengine wanasikiliza, na aliyetoka nje ya ufunguo akaambiwa apumzike mpaka mashindano yaishe. Bibi yule sauti inatetemeka. Mzee mmoja wa besi anachelewa kumaliza. Na kulikuwa na binti aliyetoka kipaimara juzi tu, kosa lake ni kwamba aliingia kabla ya wenzake, akarudia, akaingia tena kabla ya wenzake. Kwa hofu tu, nadhani. Ni nani asingeingia mapema, watu wote wamekukazia macho?

Gauni la bibi nilikuwa nimeshalikata. Kitambaa kilichokatwa kwa mgongo wake hakimfai mtu mwingine, kwa hiyo nililishona nikampelekea na sikumdai mtu. Jumapili iliyofuata akalivaa, akaketi benchi la mbele upande wa wanawake, wakati kwaya yenyewe ilikuwa imevaa nguo za kawaida, sare zinatunzwa kwa ajili ya mashindano. Ilipoanza kuimba, naye akaanza. Soprano yake yote, mstari kwa mstari, kwa mtetemo wake, kwa nguvu zake zote, toka pale benchini. Mwalimu aligeuka mara moja tu. Binti yule yeye hakuonekana tena kanisani hapo. Wengine wanasema anasali kwingine, wengine wanasema hasali popote.

Kombe, kwa taarifa ya msomaji mwenzangu, lilikwenda usharika mwingine.

Sasa asije mtu akadhani natetea kazi mbovu. Mimi nimekaa na cherehani tangu usichana wangu. Kola iliyopinda imepinda, na mteja aliyelipa pesa yake hapaswi kuambiwa habari za neema pale anapodai kola yake. Msomaji alitaja Zaburi ya 33, "pigeni kwa ustadi", na mimi naikubali kwa mikono miwili. Kwaya inayokutana Jumamosi saa kumi, ikaanza saa kumi na moja na nusu, ikapiga soga hadi giza, kisha Jumapili ikaharibu wimbo na kusema Mungu anatazama moyo, hiyo inahitaji kukemewa. Lakini mstari huo haukuishia kwenye ustadi. Unasema, "Mwimbieni wimbo mpya, pigeni kwa ustadi kwa sauti ya shangwe." Katika mazoezi ya mashindano, shangwe ndiyo ya kwanza kupumzishwa.

Naandika haya kwa sababu ugonjwa huu naujua kwa jina na kwa sura. Sisi mafundi tuna sifa mbaya mjini, kwamba tunadanganya: njoo kesho, njoo Ijumaa, umeme ulikatika, zipu ya rangi yako imekosekana Moshi nzima. Wateja wanafikiri nguo haijaguswa. Kwangu mimi mara nyingi nguo ilikuwa imekwisha, imepigwa pasi, imetundikwa nyuma ya pazia, ila sikuwa tayari kuitoa. Mteja akiondoka naishusha, naigeuza ndani nje, naikagua mishono kwenye mwanga wa dirisha, nachukua wembe, nafumua. Nashona upya. Kitambaa kikifumuliwa mara kwa mara kinaonyesha matundu ya sindano, kwa hiyo nguo inazidi kuharibika kadiri ninavyoitengeneza, nami naona kabisa kwamba inaharibika, na mkono hauachi wembe. Pesa ya mteja nimekula, muda wake nimekula, na bado najiona mimi ndiye fundi mwenye viwango.

Ilifika kilele kwa gauni la bibi harusi. Mkono wa kushoto, pale unapoungana na bega, palikuwa na mkunjo mdogo, mdogo kuliko punje ya mchele. Baba watoto ni mtu wa maneno machache. Usiku ule aliamka, akanikuta chini ya taa na wembe, akauliza, "Hilo gauni atalivaa kabla hajazaa?" Akarudi kulala.

Nikijiuliza nilikotoa tabia hii, narudi kwenye darasa la kipaimara, miaka ya sabini. Mwinjilisti wetu alikuwa mtu mwadilifu na nadhani alitupenda, lakini alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa. Tulikaririshwa Katekisimo Ndogo ya Luther, kijitabu cha mafundisho ya imani cha mwanzilishi wa kanisa letu, na ukikosa neno, kiganja kinalipa. Walutheri wenzangu mnakumbuka maelezo ya fungu la tatu la imani, lile la Roho Mtakatifu: kwamba kwa akili zangu mwenyewe na kwa nguvu zangu mwenyewe siwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumfikia, ila Roho Mtakatifu ndiye aliyeniita kwa Injili. Nilimwona mtoto mwenzangu anachapwa kwa sababu alisahau "siwezi". Tulikuwa wadogo, hatukucheka wala hatukushangaa. Mimi sikuchapwa hata siku moja. Nilikariri vyote, nilisimama mbele ya usharika nikasema bila kukwama, mama yangu akalia kwa furaha, na nikaondoka pale na somo ambalo hakuna aliyekusudia kunifundisha: Mungu anawapenda watoto wasiokosea. Katekisimo nzima inasema kinyume chake, nami niliimeza nzima.

Kilichonifungua hakikuwa maono. Ilikuwa ni semina ya akina mama, siku ya mvua, watu wachache, chai nyingi. Mchungaji, mama kijana kuliko wanangu wakubwa, akatuambia tufungue Katekisimo ile ile, mahali ambapo sisi tulipita haraka kwa kuwa hapakuwa kwenye mtihani: sala ya asubuhi na sala ya jioni. Luther anaagiza hivi. Ukienda kulala, jifanyie ishara ya msalaba, piga magoti au simama, sema Nasadiki na Baba Yetu. Kisha ukipenda omba sala fupi: mshukuru Mungu aliyekulinda mchana, mwombe akusamehe pale ulipokosa, jiweke mikononi mwake, mwili na roho na vitu vyote. Halafu linakuja agizo la mwisho, nami nilikuwa nimeishi na kitabu hicho nyumbani miaka yote bila kuliona: kisha ulale upesi, kwa furaha.

Mchungaji akafunga kitabu, akatuuliza ni nani kati yetu analala hivyo. Mtu wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, na kicheko kile hakikuwa kizuri.

Akatueleza aliyeandika maneno yale alikuwa mtu wa namna gani. Luther aliingia utawani Erfurt mwaka 1505, na kama kuna mtu aliyefumua mishono yake mwenyewe, ni yeye. Alifunga, alikesha, alikwenda kuungama saa kwa saa, akitoka anakumbuka jambo alilosahau, anarudi. Staupitz, mkuu wake katika shirika lao, alichoka naye. Baadaye Luther mwenyewe alisema kwamba kama mtawa yeyote angeingia mbinguni kwa utawa wake, basi yeye angeingia. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuandika mwaka 1529, kwa ajili ya wazazi na watoto wa majumbani, kwamba baada ya kuomba msamaha wa siku nzima ulale upesi. Sala ile haisemi siku imekwenda vizuri. Inajua palipokosewa, inapataja mara moja, inapakabidhi, basi.

Nikaenda nyumbani nikafanya hivyo hivyo, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa imani. Nilipofika kwenye "vitu vyote" nikatazama gauni lililotundikwa. Nikafunika cherehani. Usingizi haukuja upesi, wala hapakuwa na furaha ya kutajwa, ila wembe ulibaki kwenye droo. Asubuhi nikapasha pasi ya mkaa, nikaweka kitambaa chenye maji juu ya bega la gauni, nikakandamiza. Mkunjo ulipungua, haukuisha. Nikalifunga kwenye mfuko, bibi harusi akalichukua kwa tarehe niliyoahidi. Nilikuwa kanisani siku ile. Niliuona mkunjo tangu anaingia mlangoni hadi anafika madhabahuni, nikamwona na bibi harusi mwenyewe, ameng'aa, hana habari. Sala ile ya jioni ningali naisali. Kuna usiku wembe unashinda, lakini sasa najua ni nani anazungumza unaposhinda, na wateja wangu watakwambia siku hizi Ijumaa yangu ni Ijumaa.

Nimeambiwa kwamba hayo ni mambo ya moyo wa mtu mmoja, kwaya ni kitu kingine. Sioni hivyo. Kilichomfanya mwalimu yule awachuje wazee wake ndicho kilichonifanya nimnyime mteja gauni lake. Sote wawili tungeapa kwamba ni kwa ajili ya utukufu wa Mungu. Ukituweka kwenye mizani ungekuta hofu ya majirani: watu watasema nini, majaji wataandika nini, usharika wa jirani utatucheka. Huku Uchagani hofu hiyo tunaijua sana. Njoo Desemba uone, watoto wanarudi kutoka Dar na Arusha, nyumba zinapakwa rangi, na Krismasi asubuhi kuna akina mama hawafiki ibadani kwa sababu pilau haijaiva na mapazia mapya hayajatundikwa. Martha wa Luka 10 angejisikia nyumbani kabisa. Na tukumbuke Yesu hakumkataza Martha kupika. Alimwambia anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Mtu anaweza kupika bila kufadhaika, na chakula kikawa kizuri zaidi.

Msomaji alitaja pia nabii Malaki, wale waliomletea Bwana wanyama vipofu na vilema, wanyama ambao hata liwali wao asingewapokea. Hoja hiyo ni nzito, naiheshimu. Ila aendelee kusoma hadi mwisho wa sura ile ile ya kwanza. Anayelaaniwa pale ni mdanganyifu: kundini ana dume zima, ameweka nadhiri, kisha analificha na kumchinjia Bwana kilema. Amezuia kilicho bora. Bibi yangu wa soprano amezuia nini? Hana sauti nyingine aliyoificha nyumbani. Ile inayotetemeka ndiyo aliyo nayo, na anaileta yote kila Jumapili. Katika Injili yupo mama mwingine aliyeleta vyote alivyokuwa navyo, senti mbili, na Bwana hakumwambia apumzike mpaka matajiri wamalize kutoa.

Na lile neno la Mathayo 5:48, "Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu", ambalo barua yake ilianza nalo. Nimelisikia likihubiriwa mara nyingi kama rungu. Lakini mistari michache juu yake Bwana ametueleza ukamilifu wa Baba unafananaje: huwaangazia jua lake waovu na wema, huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Sura inazungumzia kuwapenda adui. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tunaelewa habari ya mvua. Ikishuka vuli, haichagui kihamba, yaani shamba la nyumbani, la aliyepalilia vizuri. Sasa mtu atoe mstari huo, autumie kumwondoa mzee wa besi kwa sababu anachelewa kumaliza? Ukamilifu anaoutaka Yesu pale ungemwongezea mzee yule kiti.

Naomba niseme neno kuhusu muziki wenyewe, maana nitaambiwa fundi arudi kwenye vitambaa vyake. Wamisionari walioleta uimbaji wa sauti nne huku kwetu walifika Machame mwaka 1893, wakitumwa na misheni ya Leipzig, Ujerumani. Leipzig ndiko mtunzi mashuhuri Johann Sebastian Bach alikofanya kazi ya muziki wa kanisa tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Mwalimu wetu wa kwaya wa zamani alipenda kutusimulia kwamba Bach aliandika juu ya karatasi zake nyingi herufi J.J., kifupi cha maneno ya Kilatini ya kumwomba Yesu amsaidie, na mwishoni S.D.G., utukufu kwa Mungu peke yake. Miaka yake ya kwanza pale alikuwa anatunga karibu kila wiki, vijana wananakili sauti zao wino haujakauka, kwa sababu Jumapili haingoji mtu. Mjuzi kama yule alianza kwa kuomba msaada, kisha akakabidhi kazi ikiwa na umri wa siku chache. Hata Luther mwenyewe, alipofichwa kwenye ngome ya Wartburg, alilifasiri Agano Jipya kwa wiki kama 11, likatoka chapani Septemba 1522, na Desemba mwaka ule ule likatoka toleo jingine lenye masahihisho. Biblia nzima ilitoka 1534, naye akaendelea kuisahihisha hadi karibu na kifo chake 1546. Ningekuwa mimi, Wajerumani wangekuwa wanaambiwa waje Ijumaa mpaka leo.

Paulo aliwauliza Wagalatia swali ambalo ningependa libandikwe kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi: "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka kukamilishwa sasa katika mwili?" Kwaya zetu nyingi zilianza kwa watu watano kwenye nyumba ya mwinjilisti, hakuna kinanda, hakuna sare, anayejua wimbo anamfundisha asiyejua. Leo tuna spika, tuna studio, tuna video zenye maua ya plastiki na gari la kuazima, na tuna aibu na wale wale walioanzisha.

Sipingi mashindano. Nayapenda, nayashonea, na siku kwaya yetu ilipopata nafasi ya kwanza jimboni nilipiga vigelegele hadi koo likauma. Ninachoomba kwa kamati za muziki za dayosisi na majimbo ni mambo yanayowezekana. Wanaokwenda jukwaani wachaguliwe kwa nota kama ni lazima, lakini jina la mtu lisifutwe kwenye kwaya ya Jumapili kwa sababu ya jukwaa. Kumjaribu mwimbaji peke yake mbele ya wenzake wote kuachwe, hasa kwa watoto waliotoka kipaimara. Mwalimu anayetaka kumsikia amsikie pembeni, kama fundi anavyompima mtu nyuma ya pazia. Alama za sare zifutwe kabisa kwenye karatasi za majaji, nami nasema hivyo nikijua nitapoteza kazi. Nimewaona wajane wakikopa pesa ya gauni kwa sababu alama mbili za mavazi zilikuwa hatarini. Na wachungaji wanaofundisha kipaimara wasiiache sala ya jioni eti kwa kuwa haiulizwi.

Kuna jambo moja zaidi. Tarehe 31 Oktoba ni Siku ya Matengenezo ya Kanisa, na baadhi ya majimbo huiadhimisha kwa uimbaji wa kwaya. Mwaka huu tujaribu ibada moja ambapo kwaya zote za jimbo zinaketi zilivyochanganyika, soprano wa usharika huu karibu na soprano wa usharika ule, waliochujwa na waliobaki, na nyimbo zinatoka kwenye kitabu ambacho kila mtu anacho. Majaji nao waje. Wapewe likizo ya kalamu, wakae kwenye mabenchi, waimbe nasi.

Ni mimi katika Kristo,
Fundi cherehani, Himo, Kilimanjaro
(Jina limehifadhiwa, kwa sababu usharika niliousema ungejulikana)